Mkate Wenye Presha Nzuri

Kule sokoni walimwita Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa mizani, mtumishi wa Idara ya Vipimo kwa miaka ishirini na sita: mwembamba kama ufito, shati limenyooka mpaka unaogopa kulisogelea, na mkononi kisanduku cha mbao chenye mawe ya shaba ya kupimia. Akiingia lango la kusini, habari zake zilikuwa zimekwishafika lango la kaskazini, na huko watu walikuwa wanapangusa sahani za mizani, wanabandua vipande vya sumaku na kumkumbuka Mungu. Muuzaji akianza kujitetea, Gramu alimkata kauli. "Usinieleze habari za mizani yako. Nimeshaiuliza yenyewe."

Mwili wake nao aliuonea fahari. Miaka hamsini na minne, na suruali ya harusi bado ilimkaa. Mtu mnene akipita mbele yake alikuwa ni kesi iliyokwisha kuamuliwa. "Lile tumbo unaliona?" alimnong'oneza mkewe kwenye foleni. "Kolesteroli tupu." Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mnene wa wastani, na alijua vizuri nong'ono zile zilikuwa zinamzunguka nani. Gramu mwenyewe alikula mayai matatu ya kukaanga kila asubuhi, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Mchana, kazini, aliomba ngozi za kuku kwenye sahani za wenzake waliokatazwa na madaktari. "Leteni kwangu," alisema. "Mafuta yakiingia humu hayaoni pa kukaa."

Siku moja idara ikaleta muuguzi wa kupima wafanyakazi afya. Alikuwa binti mfupi mwenye sauti ya taratibu, akapanga vifaa vyake juu ya meza kwenye korido, karibu na kabati la mawe ya vipimo. Wafanyakazi wakajipanga. Gramu alisimama wa kwanza, kwa kuwa alitaka wanene waliokuwa nyuma yake wasikie namba zake.

Muuguzi akamfunga mkanda mkononi, mashine ikavuma, ikatulia. Akaitazama. Akamwomba akae kimya dakika tano, akarudia.

"Mia na sabini na nane juu ya mia na nne," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, presha yako iko juu."

"Mashine ndiyo iko juu," Gramu alijibu, wala hakushusha sauti. "Ilihakikiwa lini?"

Muuguzi akaigeuza mashine na kumwonyesha stika. Mwezi uliopita. Gramu akaisoma mara mbili akitafuta kosa la herufi, asilipate. Akasema meza imeinama. Akaenda kabatini, akaleta pima maji ya mafundi, akailaza juu ya meza, na foleni nzima ikainama pamoja naye kutazama kile kiputo. Kilikaa katikati kabisa, bila aibu. Wakampima mara ya tatu, na kwa kuwa sasa alikuwa amekasirika, ikasoma mia na themanini na sita.

"Umeona?" Gramu akaruka. "Haina msimamo!"

Muuguzi hakubishana. Akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine kingine kidogo, akasubiri. "Na kolesteroli ni saba pointi mbili. Tunapenda isizidi tano. Hivi vitu viwili, mzee wangu, vikikaa pamoja vinasaidiana kukuharibu. Nikueleze kidogo..."

"Binti," Gramu alisema akishusha mkono wa shati, "mimi kazi yangu ni vipimo. Sifundishwi vipimo kwenye korido."

Akachukua karatasi ya dawa aliyoandikiwa, akaitia mfuko wa shati na kuondoka. Nyuma yake mhasibu, mtu wa presha wa miaka tisa, aliangua kicheko mpaka akakohoa. Karatasi ile ilifuliwa pamoja na shati Jumamosi iliyofuata, ikatoka imekuwa kidonge kimoja kikubwa cha karatasi.

Lakini namba zilimkaa kichwani. Kulala analala, kula anakula, ila akiwa peke yake alijikuta ameshika kifundo cha mkono wake, anasikiliza. Basi akaamua kutafuta haki. Akaanza kuzunguka mji akipimwa presha, kila mahali akiandika kwenye daftari lake la ukaguzi, ukurasa wa nyuma. Duka la dawa la kituo cha basi lilimpa mia na sabini na mbili. "Wanatumia mkanda mchakavu," akaandika. Zahanati ya binafsi yenye viti vya ngozi ilimpa mia na themanini na moja. "Kelele za feni." Mashine ya kujipima mwenyewe kwenye duka kubwa ilimpa mia na sitini na tisa, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Inashuka," alimwambia mkewe. "Ukweli unakaribia."

"Baba Pacha," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi, "mtoto akinikosea swali nikamwambia arudie, naye akazunguka darasani akiomba majibu mpaka apate analolipenda, unajua ninampa ngapi?"

"Hii si hesabu."

"Ni nini sasa?"

Gramu akafungua daftari lake. Alikuwa bado hajafika mahali pa nne.

Mahali pa nne palikuwa duka la dawa la kona, nyuma ya posta, na mwenyewe alikuwa bwana mmoja mchangamfu mwenye koti jeupe lililoandikwa jina la mtu mwingine. Alimkalisha Gramu, akamsifia mwili, akamfunga mkanda na kubonyeza kitufe. Mkanda ukajaa kidogo, kama mtu anayekushika mkono kwa adabu, ukalegea. Namba zikawaka.

"Mia na kumi na nane juu ya sabini na sita!" muuza dawa alitangaza. "Mzee, presha ya kijana wa mpira hii."

Gramu alitazama mashine. Akatazama kidole cha muuza dawa, kilichokuwa bado juu ya kitufe. Akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu. Halafu akakohoa, akaufunga.

"Na kolesteroli?" akauliza badala yake.

"Kolesteroli kwa mwili huu?" Muuza dawa alicheka mpaka akashika kaunta. "Presha ikiwa safi, mafuta nayo yako safi. Vinakwenda pamoja vile."

Akamwandikia kadi. Gramu akanunua chupa mbili za vitamini, kwa shukrani tu, akatoka nje akitembea kama mtu aliyeshinda rufaa. Kadi ile aliibandika kwenye mlango wa friji. Asubuhi iliyofuata alikula mayai manne.

Kama angeishia hapo, yangekuwa mambo yake na tumbo lake. Lakini furaha ya Gramu ilitaka wasikilizaji. Alimweleza mhasibu. Alimweleza dada wa mapokezi, aliyekuwa akimeza vidonge vya kolesteroli kwa siri na kudai ni vya nywele. Alimweleza hata mkuu wa idara, pande la mtu, ambaye kwa miaka sita alikuwa anameza dawa ya presha inayompeleka msalani katikati ya kila kikao.

"Hivi mkuu, una hakika unaumwa?" Gramu alimuuliza kwa upole wa mtu aliyepona. "Au ulipimwa tu na mashine mbovu?"

Mkuu hakuwa na hakika. Nani huwa na hakika ya jambo asilolipenda? Akaenda kona. Akarudi uso unang'aa, na kadi mkononi: mia na kumi na nane juu ya sabini na sita. Mhasibu naye, mia na kumi na nane juu ya sabini na sita. Dada wa mapokezi, vivyo hivyo, tena akaambiwa mafuta yake yamekauka yenyewe. Ofisi ile ya wataalamu wa vipimo, watu wanaoweza kukufungia duka kwa tofauti ya kijiko cha sukari, ikakaa na kadi tatu zinazofanana kama pacha, na ya Gramu ya nne, na hakuna aliyeguna.

"Humu ndani tuna hewa nzuri," mkuu alieleza.

Vidonge vikatupwa. Kwenye kikao cha Ijumaa mkuu alikaa saa mbili nzima bila kutoka, na watu wakampigia makofi.

Mkewe Gramu ndiye aliyeguna. Mumewe alipomsimulia habari za kadi nne, alichukua kalamu, akaandika namba ile mara nne, moja chini ya nyingine, akaitazama safu ile kwa muda. Kesho yake, akitoka shuleni, alipita kona na mfuko wake wa vitu vya nyumbani. Akamwambia muuza dawa kwamba mgonjwa yuko mfukoni.

"Hewala, mama, leta mkono," muuza dawa alisema, akiwa anaongea na simu, hakusikia vizuri. Yule mama akatoa mkate mzima, ule mrefu usiokatwa, akauweka kwenye kaunta akaufunga mkanda yeye mwenyewe. Muuza dawa, simu begani, akanyoosha kidole bila kutazama, akabonyeza.

"Mia na kumi na nane juu ya sabini na sita," akasema. "Safi kabisa. Jina?"

"Mkate," alisema mwalimu. "Herufi kubwa mwanzoni."

Akaandika. Alipogeuka akaona alichokiandika na aliyepimwa, alikuwa amechelewa. Kadi ilikuwa imeshaingia mkobani. Akalaumu betri, akalaumu mtandao, akalaumu mkate. Alipobanwa zaidi akakubali kwamba pampu ya mashine ilikufa zamani, na zile namba ni za shemeji yake mwanariadha, zilizobaki kwenye kumbukumbu ya mashine. Kitufe kile kilizirudisha tu. "Lakini mama," alisema, "watu wanatoka hapa wamefurahi. Hospitali nani anatoka amefurahi?"

Jioni ile Gramu alikuta kadi mbili kwenye friji.

"Umekwenda kunidhalilisha kwa mkate?" alifoka.

"Mkate una afya njema, Baba Pacha. Nimeuuliza wenyewe."

"Umekosea kuufunga mkanda!"

"Kumbe ulifungwa vibaya, na bado ukapata presha yako ile ile?" Hapo sauti ya mkewe ikabadilika. "Mimi sicheki. Kesho twende kwa yule muuguzi. Nakuomba."

Gramu akasema kesho ana ukaguzi wa mabucha. Akala, akaenda kulala.

Ukaguzi wa mabucha ulianza saa nne. Bucha la kwanza lilikuwa la mama mmoja wa makamo, mwenye mikono mipana na ulimi mwepesi, ambaye Gramu alikuwa amemfungia mizani mara mbili mwaka ule na ambaye kwa sababu hiyo hakumpenda hata kidogo. Gramu akaweka jiwe lake la kilo moja kwenye sahani, akainama kusoma.

"Mizani hii," alianza, "imepungua gra... gra... gra..."

"Leo anajiita mwenyewe!" mwuza samaki wa jirani alipiga kelele, na safu nzima ya wauzaji ikapasuka kwa kicheko. Miaka yote waliyoisubiri nafasi ile! Mtu mmoja akaanza kumwigiza, gra, gra, gra, mwingine akapiga debe kama ngoma.

Gramu aliwasikia wote vizuri. Maneno yake yalikuwepo kichwani, yamepangwa kama kawaida, ila yakifika mdomoni yanakuwa kama ya mtu mwingine. Alitaka kuokota jiwe lake. Mkono wa kulia ulilala tu pembeni ya sahani, akauona upo, lakini haukuwa unamsikiliza. Ndipo hofu ilipompanda toka miguuni. Si ya kufa, hiyo ilikuja baadaye. Aliogopa kwamba wote wanamtazama, na kwamba siku ile kule kona alikuwa amejua.

Mama wa bucha hakuwa anacheka tena. Alikuwa anautazama mdomo wa Gramu, ulioanza kuvutika upande mmoja.

"Nyamazeni!" aliunguruma. "Mtu anapigwa kiharusi hapa, nyie mnacheka? Mama yangu alianza hivi hivi. Leteni mkokoteni!"

Uliokuwa karibu ni ule wa kubebea nyama. Wakautandika magunia, wakamlaza Gramu na shati lake lililonyooka, na mama wa bucha akasukuma mwenyewe, aproni ya damu kifuani, akitukana magari yote yaliyosimama njiani. Watu waliokutana nao barabarani walidhani ndiye aliyemchinja.

Kituo cha afya kilikuwa mtaa wa pili. Aliyempokea ni yule muuguzi wa taratibu. Mia na tisini na sita juu ya mia na kumi na mbili. Daktari akaja mbio, akamwangalia macho, akamwambia ainue mikono, atoe ulimi, acheke. Hilo la mwisho lilimshinda hata alipokuwa mzima. Wakamlaza, wakamfanyia vipimo kimoja baada ya kingine, na taratibu, kabla saa moja haijakwisha, mdomo ukarudi mahali pake. Vidole vikaanza kumsikia, ingawa mguu wa kulia ulibaki mzito. Neno la kwanza alilolitamka likanyooka lilikuwa jina la kazi ya mkewe: "Mwalimu." Mkewe alikuwa ameshafika, chaki bado mkononi, akageuka kutazama ukuta mpaka macho yalipokauka.

"Umeponea chupuchupu," daktari alisema. "Damu ilizibwa njia kichwani kwa muda, ikafunguka. Wengine haifunguki. Na usidhani tumemaliza, tutakuwa nawe hapa siku kadhaa, na dawa ni za kila siku."

Daktari alipotoka, muuguzi alibaki akirekebisha mkanda wa mashine. Gramu alikuwa anautazama.

"Leo hujaniuliza stika," alisema muuguzi.

Gramu akafumba macho. "Ulitaka kunieleza kitu siku ile," alisema polepole, akiogopa maneno yasije yakamkimbia tena. "Kwenye korido."

Muuguzi akavuta stuli, akakaa. "Mafuta yakizidi kwenye damu yanajibandika kwenye kuta za mishipa. Miaka na miaka. Ndani panakuwa pembamba, na ukuta unakakamaa, hauvutiki tena. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, presha inapanda. Sasa presha nayo ikiwa juu inazichubua zile kuta, na pale palipochubuka ndipo mafuta yanapopenda kunasa. Kimoja kinamfungulia mwenzake mlango. Na vyote viwili havipigi hodi, mzee wangu. Husikii chochote mpaka siku kama ya leo."

"Lakini mimi mwembamba."

"Wembamba wako ni wa nje. Damu yako sijawahi kuiona imevaa suruali."

Mkewe alicheka, kicheko cha ghafla chenye machozi ndani yake. Gramu hakucheka. Alikuwa amekumbuka jambo, na rangi ikamtoka upya mpaka muuguzi akashika tena mkanda.

"Ofisini," alisema. "Watu watatu wameacha dawa. Mimi ndiye niliyewapeleka."

Alilazwa siku tano. Siku ya pili tu alimpigia simu mhasibu, ambaye alimtukana kwa dakika kumi bila kurudia tusi, kisha akaenda kupimwa siku ile ile na kukutwa na presha ya kutisha. Akarudia vidonge vyake. Dada wa mapokezi alilia kwenye simu, akauliza kama mafuta yake kweli hayajakauka, akajibiwa na mwalimu kwamba mafuta hayakauki kama nguo. Lakini mkuu wa idara hakupokea simu. Siku zote tano hakupokea.

Siku ya kwanza kurudi kazini, akiwa na mguu unaoburuta kidogo, Gramu alipita meza yake bila kukaa, akaenda moja kwa moja ofisi ya mkuu. Akamkuta anakula, uso mwekundu, kadi yake ya kona ikiwa imeegeshwa mbele ya picha ya watoto wake. Gramu akamweleza yote, kuanzia duka la kwanza hadi mkokoteni wa nyama. Mkate pia hakuuficha.

Mkuu alisikiliza akitafuna. "Pole sana," alisema. "Lakini sasa nikuulize. Wewe ni mkaguzi wangu bora. Unakamata wezi wa gramu ishirini. Mashine hiyo ilikupima, ukaitazama kwa macho yako. Kama ilikuwa mbovu, ungekosa kuona?"

Swali lenyewe liliulizwa kwa ushindi, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angeweza kusema alidanganywa. Mjini pale kila mtu angemwamini, hata mkewe angejilazimisha.

"Niliona," alisema Gramu.

"Uliona nini?"

"Mkanda haukukaza. Namba ziliwaka kabla hewa haijatoka. Kuna mwuza samaki nilimfungia mizani kwa mchezo ule ule, inakupa jibu kabla hujaweka samaki. Niliona siku ile ile, mkuu, dakika ile ile. Nikanyamaza kwa sababu namba ilikuwa nzuri. Halafu nikakuletea wewe."

Mkuu aliacha kutafuna. Kilichopita usoni pake hakikuwa msamaha.

"Toka," alisema hatimaye. "Nitakwenda kupimwa. Wiki ijayo."

"Gari liko nje. Mwalimu ndiye anaendesha."

"Nimesema wiki ijayo!" Mkuu alipiga meza, mshipa wa shingo ukamsimama. "Unataka kunipandisha presha?"

Gramu aliuangalia ule mshipa. Akavuta kiti, akakaa taratibu kwa sababu ya mguu, akaweka mikono juu ya magoti.

"Nitasubiri," alisema. "Maliza kula."